Mbio za Ndani Zianzie Viwanja vya Shule

Mwezi Machi 2025 wanariadha wa mataifa mengi walikusanyika katika mji wa Nanjing, nchini China, kushindana katika Mashindano ya Dunia ya Riadha ya Ndani. Mashindano hayo yalikuwa yafanyike tangu mwaka 2020, lakini yaliahirishwa zaidi ya mara moja kutokana na ugonjwa wa UVIKO-19. Yalipofanyika hatimaye, Afrika haikurudi mikono mitupu. Gudaf Tsegay wa Ethiopia alishinda mbio za mita 1,500, Freweyni Hailu wa nchi hiyo hiyo alishinda mita 3,000, na Prudence Sekgodiso wa Afrika Kusini alishinda mita 800. Kule Bumbuli, katika milima ya Usambara, habari hizo hazina budi kumgusa kila mwalimu anayewaona watoto wakipanda na kushuka vilima kila siku kwenda shuleni.

Riadha ya ndani ni mchezo unaoeleweka kwa urahisi. Badala ya uwanja mkubwa wenye mzunguko wa mita 400, washindani hukimbia ndani ya ukumbi, katika njia yenye mzunguko wa mita 200, na kona zake huinuliwa upande wa nje ili mkimbiaji asirushwe na kasi yake mwenyewe. Hakuna kisahani, mkuki wala nyundo, na hakuna marathoni. Zipo mbio za mita 60, viunzi, mita 400, 800, 1,500 na 3,000, kupokezana vijiti, kuruka na kutupa tufe. Mchezo huu ulikuzwa na nchi za baridi, ambazo theluji huwazuia vijana wao kukimbia nje kwa miezi kadhaa. Michezo ya kwanza ya dunia ya aina hii ilifanyika Paris mwezi Januari 1985, na mashindano kamili ya dunia yakaanza Indianapolis, Marekani, mwezi Machi 1987. Tangu hapo yamezunguka Ulaya, Amerika na Asia. Afrika haijapata kuwa mwenyeji hata mara moja.

Kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba mchezo huu haumhusu Mtanzania. Kauli hiyo ni kasumba, na historia ya nchi yenyewe inaikanusha. Tarehe 6 Februari 1981, mjini New York, Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alikimbia mita 5,000 ndani ya ukumbi kwa dakika 13 na sekunde 20.4, akaweka rekodi ya dunia. Njia aliyokimbilia ilikuwa fupi mno, mzunguko wake haukufika hata mita 150, na ilimbidi aizunguke zaidi ya mara 34. Miezi michache kabla ya hapo, katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya 1980, alikuwa amepata medali ya fedha ya mita 5,000, wakati Filbert Bayi alipata fedha ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Mtanzania, basi, alipata kuwa bingwa wa njia fupi hata kabla mashindano ya dunia ya mchezo huo hayajaanzishwa.

Wala si Tanzania peke yake. Maria Mutola wa Msumbiji, aliyezaliwa katika mtaa wa Chamanculo mjini Maputo, alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 800 za ndani mara saba kati ya mwaka 1993 na 2006. Abubaker Kaki wa Sudan alitwaa ubingwa huo mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 18, akaurudia mwaka 2010. Francine Niyonsaba wa Burundi, nchi jirani, aliutwaa mwaka 2016 na tena mwaka 2018. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyelelewa kando ya ukumbi wa riadha.

Ni kweli kwamba Mutola alikwenda Oregon, Marekani, mwaka 1991, na huko ndiko alikopata walimu na vifaa. Lakini kabla ya kwenda alikwisha kuonwa. Alikuwa msichana aliyecheza kandanda pamoja na wavulana, na mshairi José Craveirinha ndiye aliyetambua kwamba miguu ile ilifaa riadha, akamhimiza aiendee. Hapo ndipo lilipo somo. Ukumbi ulikuja baadaye. Kwanza alipatikana mtu mzima mmoja aliyetazama kwa makini na kuchukua hatua.

Katika milima ya Usambara hupenda kutolewa hoja nyingine, kwamba hewa ya milimani peke yake humfanya mtoto awe mkimbiaji. Hoja hii nayo inafaa ipimwe kwa haki. Bumbuli ipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, lakini Iten nchini Kenya ipo kwenye mita 2,400 hivi, na Bekoji nchini Ethiopia iko juu zaidi ya hapo. Naye Mutola alikulia pwani kabisa. Kwa hiyo mlima si dawa, na ukosefu wa mlima si kisingizio. Kinachofanana katika sehemu zote zilizotoa mabingwa ni mazoezi yenye mpango, yanayoendelea mwaka hadi mwaka chini ya macho ya mtu anayejua anachokitafuta.

Milima, hata hivyo, ina jambo moja inaloweza kulifundisha, nalo ni thamani ya ardhi iliyo tambarare. Mkulima wa Bumbuli anaijua thamani hiyo kuliko mtu yeyote, kwani hulima mitelemkoni na kila kipande kilicho sawa hupiganiwa na kibanda, bustani na njia. Uwanja kamili wa mita 400 huhitaji zaidi ya ekari nne za ardhi iliyosawazishwa. Kuudai uwanja wa namna hiyo kwa kila shule ya milimani ni kudai kisichowezekana. Lakini njia ya mita 200 yenye nafasi ya wakimbiaji wanne haifiki ekari moja, na huenea vizuri ndani ya uwanja wa kawaida wa kandanda. Mchezo uliodhaniwa kuwa wa matajiri peke yao ndio, kwa kipimo cha ardhi, unaowafaa zaidi watu wa milimani.

Shirikisho la riadha la dunia nalo limelegeza mlango. Kuanzia Novemba 2023 rekodi zilizokuwa zikiitwa za ndani zimepewa jina la rekodi za njia fupi, ili hata njia ya mita 200 iliyojengwa nje, bila paa, iweze kuhesabiwa endapo imejengwa na kupimwa kwa kanuni. Shule haitaweka rekodi ya dunia juu ya nyasi, na hakuna haja ya kujidanganya. Lakini imebainika kwamba jambo la msingi katika mchezo huu ni kipimo cha njia, si paa.

Kipimo hicho hakimshindi mwalimu yeyote wa hesabu. Vigingi viwili huchomekwa ardhini, kimoja mbali na kingine kwa mita 50. Kamba ya mita 15 na sentimita 72 hufungwa kwenye kila kigingi, na kwa kamba hiyo huchorwa nusu duara upande wa nje, kwa chokaa au kwa majivu. Ncha za nusu duara hizo huunganishwa kwa mistari miwili iliyonyooka ya mita 50. Kwa kuwa mbio hupimwa sentimita 20 nje ya mstari wa ndani, mkimbiaji anayeuzunguka mara moja huwa amekimbia mita 200. Mara nne ni mita 800, mara saba na nusu ni 1,500, na mara 15 ni 3,000. Kazi hiyo ni somo la duara na mzingo kwa wanafunzi wenyewe, na gharama yake ni ndogo. Kona zisizoinuliwa zitapunguza kasi, lakini zitampunguzia kila mtoto, na haki itabaki pale pale.

Baada ya njia hufuata daftari. Hili ndilo jambo linalopuuzwa kupita yote. Katika shule nyingi mtoto hushinda mbio siku ya michezo, hupigiwa makofi, na jioni ushindi wake husahauliwa kwa sababu hakuna aliyeandika alikimbia kwa muda gani. Mwaka unaofuata hakuna anayeweza kusema kama amesonga mbele au amerudi nyuma. Simu ya mkononi iliyo mfukoni mwa mwalimu ina saa ya kutosha kupimia muda. Linalotakiwa ni jina, umri, umbali, muda na tarehe, na daftari hilo likabidhiwe kwa mwalimu anayefuata pindi wa kwanza anapohamishwa. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sehemu tatu tu za mia moja ya sekunde, akaipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo makubwa. Ikiwa kilomita 42 zinaweza kuamuliwa na punje ya wakati kama hiyo, haifai kwa mlezi wa vijana kudharau kupima.

Itasemwa kwamba walimu wamelemewa. Ni kweli, na kuwatwika mzigo mwingine bila kuwapunguzia mwingine si uongozi. Ndiyo maana wajibu hauwezi kuishia kwao. Maofisa wa halmashauri wanao wajibu wa kupima na kulinda viwanja vya shule, ili kisije kikamegwa kiwanja leo kwa ajili ya jengo na kesho kwa ajili ya shamba, mpaka watoto wabakiwe na njia ya kupitia tu. Maofisa michezo wanao wajibu wa kuzitembelea shule za vilimani, na si zile tu zilizo kando ya barabara ya lami. Wakuu wa shule wanao wajibu wa kuheshimu kipindi cha michezo kilichomo katika ratiba, badala ya kukigeuza akiba ya kufidia masomo mengine.

Uzoefu wa karibu unaonyesha hasara ya kukatiza. Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya shule za sekondari, UMISSETA, ndiyo ngazi ambayo mtoto wa kijijini huweza kuipanda kutoka shuleni hadi taifani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ilisimamishwa kwa miaka kadhaa kabla ya kurejeshwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 13 wakati ule hakungoja. Alikua, akaenda zake. Ngazi iliyovunjwa huweza kutengenezwa upya, bali aliyekuwa apande wakati ule hawezi kurudishiwa umri wake.

Watoto wa kike wanastahili kuangaliwa kwa namna ya pekee. Washindi wa Afrika waliotajwa hapa, wa Nanjing na wa miaka iliyotangulia, wengi wao ni wanawake. Lakini katika nyumba nyingi ni msichana anayengojewa na maji, kuni na wadogo zake mara tu kengele ya mwisho inapolia. Mazoezi yanayofanywa baada ya saa za shule humwacha nje bila mtu yeyote kumkataza. Mazoezi yafanyike ndani ya saa za shule, na mzazi aitwe aonyeshwe daftari la muda wa binti yake, kwa maana mzazi akiona maendeleo yaliyoandikwa huwa mshiriki badala ya mpinzani.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Methali hiyo huwaonya wanaofanya jambo kwa pupa bila msingi, nayo inafaa ikumbukwe na kila anayeota kumwona kijana wa Bumbuli akikimbia katika sakafu za kumbi za dunia. Msingi wenyewe hauko Nanjing wala New York. Uko katika uwanja wa shule uliolindwa usimegwe, kamba ya mita 15 na sentimita 72, na daftari ambalo mwalimu hakulitupa alipohamishwa.