Weupe wa Peremende Usituhadae

Mtoto akitumwa dukani hapa Ndalu, chenji huishia kwa peremende na chingamu. Weupe unaong'aa wa baadhi ya vitu hivyo hutokana na unga wa titani dioksidi, ambao alama yake ni E171. Baadhi ya chembe zake hazifiki nanomita 100, na milimita moja ina nanomita milioni nzima!

Mwaka 2021 wataalamu wa chakula wa Ulaya walisema hawawezi tena kuuita salama, kwani walishindwa kuondoa shaka kwamba unaweza kudhuru chembe za urithi. Umoja wa Ulaya uliupiga marufuku katika chakula mwaka 2022. Hata hivyo, mwaka 2023 kamati ya FAO na WHO ilishikilia kwamba hauhitaji kuwekewa kikomo.

Wataalamu wakibishana, kwa nini majaribio yafanyiwe watoto wetu? Unga huu hauongezi nguvu mwilini. Ni pambo tu. Tena hauozi: ukitoka mwilini hubaki udongoni na majini.

Mzazi, soma karatasi ya peremende kabla ya kulipa. Ukiona E171, irudishe. Nao watengenezaji washurutishwe kuiandika kwa herufi zinazosomeka. Tahadhari kabla ya hatari.