Kabati la Bafuni Sio Stoo!

Mastaa wa Insta wanapost makabati ya bafuni yamejaa vipodozi mpaka juu, na wadada wa Singida mjini nao wanaiga. Shida nyumba nyingi za kupanga Misuna na Mandewa zina kikabati kimoja tu. Humo humo panadol, humo humo Jik iliyomiminwa kwenye chupa ya maji. Mtoto atajuaje kama siyo maji?

Jik ibaki kwenye chupa yake, juu kabisa, na isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa hewa ya sumu. Vidonge vihamie chumbani, joto na unyevu wa bafuni vinaviharibu. Nyembe nazo zifichwe. Hapo sabuni na miswaki vinapata nafasi.

Likes zinaisha kesho, mtoto yupo kila siku. Wadau mnasemaje?