Tamko la Wanakemia wa Likasi Kuhusu Utafiti wa Maada Zenye Vitundu

Sisi walimu wa kemia, wahudumu wa maabara na watafiti vijana wa Likasi, kwa kauli moja ya umoja wetu, tunatoa tamko hili kwa wakazi wa makomini manne ya mji huu, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Kwa bwana meya na watumishi wake. Kwa serikali ya mkoa wa Haut-Katanga. Kwa wakuu wa vyuo vikuu. Na kwa kampuni zinazochimba na kuchenjua madini jirani zetu. Tumeliandika kwa Kiswahili makusudi. Mambo ya kemia mjini hapa yamezoea kusemwa kwa Kifaransa, yakaishia mezani pa waliosoma.

Tarehe 8 Oktoba 2025 ilitangazwa kwamba Tuzo ya Nobel ya Kemia wamepewa Susumu Kitagawa wa Kyoto, Richard Robson wa Melbourne na Omar Yaghi wa Berkeley. Walichofanya ni kujenga maada ambazo ndani yake ni vyumba vitupu. Atomu za metali husimama kwenye pembe kama nguzo, molekuli za kaboni hulala baina yao kama boriti, na katikati hubaki nafasi ambamo gesi huingia, hukaa na hutoka. Habari ikasikika redioni, ikapita. Sisi tulinasa kwenye jambo moja ambalo halikutajwa sana. Jengo la kwanza la Robson, mwaka 1989, lilisimama juu ya shaba. Yale ya Kitagawa ya mwaka 1997, yaliyopitisha gesi bila kuporomoka, yalitumia kobalti, nikeli na zinki. Shaba na kobalti! Mtoto wa Likasi huyajua majina hayo kabla hajajua kuandika la kwake.

Iko maada nyingine, ambayo haikupata tuzo lakini inatuhusu zaidi. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong walitangaza unga wa samawati wanaouita HKUST-1, kwa herufi za chuo chao. Hupikwa kwa chumvi ya shaba, kwa kawaida nitrati, pamoja na tindikali ya trimesiki. Karibu theluthi moja ya uzito wa unga huo ukiwa mkavu ni shaba. Ukiupasha moto taratibu mpaka maji yatoke, rangi ya feruzi inakolea hadi inakaribia zambarau. Ukiuacha wazi kwenye hewa ya masika, feruzi inarudi. Gramu moja iliyosafishwa vizuri ina eneo la ndani la zaidi ya mita za mraba 1,500. Kwa hiyo gramu tano zinatosha kutandaza uwanja mzima wa mpira, na mtu akazibeba kiganjani.

Wajuao mawe watakumbuka kwamba kuna madini yanayoitwa likasaiti. Yalielezwa kitaalamu mwaka 1955 kutokana na sampuli za mgodi wa hapa hapa, na ni ya buluu. Kikemia ni nitrati ya shaba iliyoungana na hidroksidi na maji. Nitrati ya shaba, basi, ardhi ya Likasi iliitengeneza yenyewe kabla ya maabara yoyote, ikaitwa jina la mji wetu. Hatudai kwamba likasaiti ndiyo itakayotumika kupikia HKUST-1. Ni jiwe adimu, na anayelipata aliweke makumbusho. Tunachosema ni kwamba somo hili halikuja kwetu kama mgeni.

Wapo wanaotuuliza vitundu hivi vinamsaidia nani anayekula bukari. Jibu liko ndani ya nyumba zao. Kifuko cha punje kinachokutwa kwenye sanduku la viatu vipya, kile kilichoandikwa kisiliwe, ni silika yenye vitundu vinavyokunywa unyevu. Mashine ya oksijeni inayolia kando ya kitanda cha hospitali ina punje za zeolaiti: hewa ikisukumwa humo, naitrojeni hunaswa na oksijeni hupita kwenda puani kwa mgonjwa. Vitundu hivyo hupimwa kwa nanomita, ambayo ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Wanakemia wamekubaliana kwamba vyenye upana chini ya nanomita 2 ni vidogo, vya 2 hadi 50 ni vya kati, na zaidi ya hapo ni vikubwa. Mtu anayetumia maisha yake kupanga upana huo, ili molekuli hii ipite na ile ibaki, ana kazi kamili ya kisomi.

Kazi hiyo hapa kwetu ikoje? Kijana anamaliza masomo yake kwa alama nzuri, anabakizwa chuoni kama asistanti. Anaanza kungoja mekanizasio, yaani jina lake liingie kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Anangoja miaka. Huku akingoja anafundisha sekondari asubuhi, anasimamia mazoezi ya maabara mchana, na jioni anasoma makala za watu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Akivumilia atakuwa chef de travaux, wenyewe tunasema CT, na hapo ataambiwa aandike tasnifu ya udaktari. Maada yake ameipika. Sasa lazima aonyeshe kwamba ina vitundu.

Hapo ndipo njia inapokatika. Kipimo kinachokubalika duniani kinaitwa BET, kwa herufi za Brunauer, Emmett na Teller walioandika hesabu yake mwaka 1938. Unaiondoa hewa yote ndani ya unga, unaizamisha chupa yake kwenye naitrojeni ya majimaji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kisha unahesabu ni gesi kiasi gani inajibandika ndani kadiri unavyoongeza shinikizo. Bila naitrojeni ya majimaji hakuna kipimo. Bila kipimo hakuna jarida litakalokupokea. (Teller huyo ndiye aliyekwenda kufanya kazi kwenye mradi wa bomu la atomiki la Marekani, ambao urani yake nyingi ilitoka Shinkolobwe, karibu kilomita 20 kutoka hapa. Likasi, wakati huo Jadotville, ilikuwa ndani ya fizikia kubwa ya karne kabla haijawa na chuo kikuu hata kimoja.)

Mwenzetu mmoja alifunga gramu mbili za unga wake kwenye chupa ya dawa iliyooshwa, akampa msafiri ampelekee maabara fulani ya nje. Kwenye ukaguzi chupa ilifunguliwa, ikanuswa, ikashikwa siku kadhaa, na ilipofika unga ulikwisha kunywa unyevu na kuharibika. Akapika upya. Matokeo yalipatikana baada ya miezi minane: mstari mmoja kwenye grafu. Mwenye mashine ya BET akawa mwandishi wa kwanza wa makala. Hatumlaumu mwenye mashine. Tunalaumu hali ya kuwa mashine ya aina hiyo bei yake haifikii thamani ya mzigo wa lori moja la shaba safi, na malori hayo tunayahesabu kila siku yakipita kwenda Lubumbashi na Kasumbalesa.

Tumetafuta mfano wa karibu wa mtu aliyepita njia hii akafika, tukampata Tanzania. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alisomea udaktari wake Korea Kusini, ambako alitafiti silika zenye vitundu. Alirudi Arusha kufundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela, akaunganisha chujio la mchanga, ambalo bibi zetu wangelitambua, na maada za kinano zilizopangwa kufuatana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alikuwa wa kwanza kabisa kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000. Chujio lile aliliita Nanofilter. Kampuni yake aliipa jina la kijiji chake. Alikuta kuna taasisi iliyomfungulia mlango aliporudi, na hilo tunalisisitiza kuliko pauni zile.

Maji ya kusafisha na sisi tunayo. Shaba imechenjuliwa Shituru kwa tindikali na umeme tangu mwaka 1929. Mito ya upande wa viwanda huteremka hadi Lufira na ziwa la Tshangalele, lile lililotokana na bwawa la Mwadingusha, na samaki wa huko huuzwa sokoni kwetu. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2010 na 2016 zimeonyesha kobalti na metali nyingine ndani ya samaki hao. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa maeneo ya migodi ya Katanga, na kiwango cha kobalti kilikuwa cha kutisha.

Kwa maji hayo HKUST-1 haifai, na hapa tunataka kuwa wakweli kwa vijana wetu: unga ule hulegea ukikaa majini. Anayekuahidi kuutumia kusafisha mto anakudanganya au hajasoma. Kinachofaa kuanzia ni kaboni hai, na malighafi yake imejaa mitaani. Baada ya mavuno magunzi ya mahindi hutupwa au huchomwa. Yakilowekwa katika tindikali ya fosforasi, yakapashwa joto la nyuzi kama 500 bila hewa, kisha yakaoshwa mpaka tindikali iishe, hutoa unga mweusi wenye vitundu vingi kuliko makaa yoyote ya jikoni. Kuujaribu hakuhitaji naitrojeni. Unahitaji bureti, ayodini, wanga na mtu mwenye mkono mtulivu: unaangalia unga umenywa miligramu ngapi za ayodini kwa kila gramu. Au unaweka rangi ya buluu ya methileni kwenye chupa, unatikisa, unachuja, na mwanafunzi wa sekondari anaona kwa macho yake buluu imekwenda. BET itakuja baadaye. Kusubiri mashine ndipo uanze ni kisingizio, na baadhi yetu tumekitumia muda mrefu mno. Tumeacha wanafunzi waandike mwaka baada ya mwaka kazi zile zile za kuyeyusha malakiti kwa tindikali, tukabadilisha jina la mgodi tu kwenye jalada.

Ndani ya umoja wetu hatukukubaliana kwa kila kitu. Wapo waliosema kuomba mashine huku paa za madarasa zinavuja ni anasa. Hoja yao ina uzito, na tumeibishania kwa siku mbili. Uamuzi wa wengi ni kwamba paa na mashine vina mifuko tofauti, na mfuko wa pili upo kisheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji, komini au machifu wa eneo la mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Juu yake kila kampuni inatakiwa kutenga asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Kizazi kijacho ambacho hakitajua kupima shaba yake mwenyewe kitakuwa kimetengewa pesa za nini?

Kwa hiyo tunaiomba serikali ya mkoa na wasimamizi wa fedha hizo kugharimia maabara moja ya pamoja ya kupima vitundu hapa Likasi, iwe wazi kwa walimu wa vyuo vyote vya Katanga, yenye umeme wake wa akiba. Kampuni zenye mitambo ya kutenga hewa tunaziomba naitrojeni ya majimaji, lita chache kwa wiki. Kwao ni tone. Wakuu wa vyuo tunawaomba jambo lisilo na gharama kubwa: asistanti anayefanya utafiti apunguziwe saa za kufundisha, na faili lake la mekanizasio lifuatiliwe Kinshasa na chuo, lisiachwe mikononi mwake. Watafiti wenzetu walioko Ulaya, Afrika Kusini na kwingineko, hasa wana wa Katanga, tunawaomba wapime sampuli zetu na majina yetu yabaki mwanzoni mwa makala.

Sisi wenyewe tunaanza bila kungoja majibu. Magunzi yanakusanywa, na kipimo cha ayodini kitafundishwa kila Jumamosi asubuhi kwa mwanafunzi yeyote wa mwaka wa mwisho wa sekondari atakayefika na daftari lake. Tunachopungukiwa kwa sasa ni bureti nne na mizani inayosoma hadi miligramu. Mwenye navyo vimekaa kabatini, atuletee.

Limetolewa Likasi, mkoa wa Haut-Katanga, kwa niaba ya wanachama wote.