HAKI YA MPIGA NGOMA

Wapenzi wa muziki hulijua jina la mwimbaji. Jina la fundi aliyeutengeneza muziki wenyewe hulijua kwa nadra. Leo twapenda kumleta fundi mmoja mbele ya wasomaji wetu, si kwa kumsifu tu, bali kwa kuwa maisha yake ya kazi yatufunza jambo zito juu ya haki ya mfanya kazi.

Fundi huyo ni Marlon Williams, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1962, ambaye ulimwengu wamjua kwa jina la Marley Marl. Alikulia Queensbridge, katika mji wa New York, penye majumba yaliyojengwa na serikali kwa watu wa kipato kidogo. Alikuwa mpiga santuri, na kazi hiyo ikamfikisha redioni, katika kipindi cha Mr. Magic kwenye stesheni ya WBLS. Hakungoja tajiri amfungulie studio. Vyombo vyake alivipanga nyumbani, na humo, mwaka 1984, akamrekodi Roxanne Shanté, msichana wa mtaa ule ule aliyekuwa na umri wa miaka 14, katika santuri iliyowapa jina wote wawili. Kisha akawakusanya vijana wengine katika kundi la Juice Crew, miongoni mwao MC Shan, Big Daddy Kane na Biz Markie, akawatengenezea muziki wa kufokea mashairi yao.

Lakini kazi iliyomtukuza zaidi ni ugunduzi. Katikati ya miaka ya 1980, akishughulika na mashine ya kunasa milio, alitambua kwamba pigo moja tu la ngoma laweza kunaswa kutoka santuri ya zamani, kisha likapangwa upya kama apendavyo fundi. Kabla ya hapo muziki wa hip-hop ulitegemea sana ngoma za mashine, zenye mlio mkavu. Tangu hapo ngoma za wazee zikafufuka.

Hapo ndipo lilipo swali letu. Pigo lililonaswa lilipigwa kwanza na mkono wa mtu. Mtu huyo alipata nini?

Tumtazame Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown. Mapigo yake katika wimbo wa "Funky Drummer", uliotoka mwaka 1970, yamenaswa na mafundi wasiohesabika. Marley Marl naye aliyatumia katika wimbo aliomtengenezea LL Cool J mwaka 1990, "Mama Said Knock You Out". Wimbo huo ulimpatia mwimbaji tuzo ya Grammy mwaka 1992. Mpiga ngoma hakuwa ameandikwa kuwa mmoja wa watunzi wa "Funky Drummer". Kwa hiyo fedha za watunzi zilimpita kando. Alipougua, mwanamuziki Prince alimlipia deni kubwa la hospitali kwa siri. Stubblefield alifariki mwaka 2017. Twamsifu Prince kwa utu wake. Lakini sadaka haiwezi kushika mahali pa haki.

Watakuwapo watakaosema kwamba kunasa milio ni wizi mtupu. Hatukubaliani nao. Kulichagua pigo moja kati ya santuri elfu, na kulipa uhai mpya, ni ufundi wa kweli. Wala hatukubaliani na wale wadhanio kwamba kilichorekodiwa zamani hakina mwenyewe. Mwaka 1991 mahakama ya New York, katika kesi iliyomhusu Biz Markie, iliamua kwamba mlio wa mtu haunaswi bila ruhusa. Hakimu aliianza hukumu yake kwa amri ya "Usiibe". Uamuzi ulikuwa mzuri, lakini haukutosha. Ulimlinda mwenye hati na mtunzi aliyeandikwa; mpiga ngoma asiyeandikwa popote ulimwacha mlangoni.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Vijana wetu walioanza kufoka kwa Kiswahili, na kutuletea Bongo Fleva, walijifunza kwa santuri na kanda zilizotoka huko. Ikiwa tumeupokea ufundi wao, yatupasa tujifunze pia kwa makosa yao. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yawatambua wapigaji na watayarishaji, si watunzi peke yao. Lakini sheria haimlishi mtu asiye na karatasi. Patano la mdomo katika studio, lililofanywa kwa furaha siku ya kurekodi, ni gumu kuthibitishwa siku wimbo utakapoleta fedha.

Kwa hiyo twasema: kila wimbo uandikwe majina ya wote walioushika, kuanzia mwimbaji hata mpiga ngoma; mgawo wa kila mmoja uandikwe kabla ya kurekodi; na stesheni za redio ziwataje mafundi pamoja na waimbaji. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataa mtu kuishi kwa jasho la mwenziwe. Hatuoni kwa nini jasho la studio lihesabiwe kuwa maji.

Mwaka 2007 Marley Marl na KRS-One, waliokuwa mahasimu tangu miaka ya 1980, walitoa pamoja santuri ya "Hip Hop Lives". Ikiwa mahasimu waliweza kupatana baada ya miaka ishirini, sembuse mwimbaji na fundi wake, ambao hawana ugomvi wowote ila karatasi moja isiyoandikwa? Mcheza kwao hutunzwa. Na atunzwe pia yule ampigiaye ngoma.