Programu za kujifurahisha ni shule, si upuzi

KATIKA Kiswahili tunalo neno moja linalobeba mizigo miwili. Neno hilo ni uraibu. Wazee wa pwani walilitumia hasa kwa vitu vya kutafuna na kuvuta, kama vile tambuu na tumbaku, ambavyo mtu hutumia kwa ladha wala si kwa shibe. Shuleni tukalichukua likawa jina la shughuli aipendayo mtu wakati wake wa mapumziko: kusoma riwaya, kukusanya stempu, kuogelea. Leo, ukifungua gazeti, aghalabu utalikuta limeandamana na dawa za kulevya. Kwa hiyo, mwanafunzi asemaye kwamba uraibu wake ni kutunga programu za kompyuta huwa amejitia mashakani kabla hajamaliza sentensi. Mzazi husikia ulevi. Mwalimu husikia uvivu.

Makala haya yanakusudia kumtetea mwanafunzi huyo. Ninadai kwamba programu ndogo anayoitunga mtu kwa mapenzi yake, bila ya kutumwa wala kulipwa, ni shule kamili ya fani hiyo, na kwamba sisi walimu tumekuwa tukiifunga shule hiyo kwa mikono yetu wenyewe. Ninadai pia kwamba madhara ya kuifunga hayamfikii mwanafunzi pekee, bali yanaifikia hata lugha yetu ya Kiswahili.

Kwanza tumtazame mtu mwenyewe. Mchana ana masomo yake au ajira yake kama watu wengine. Jioni anaponyoosha miguu, au anapokaa garini akingoja msongamano upungue, akili yake huchezea tatizo dogo: kwa nini orodha ya bei ya duka la jirani haipangiki vizuri? Nauli ya wiki nzima ni kiasi gani? Akifika nyumbani huandika mistari ishirini au thelathini ya programu, huijaribu, ikamkataa, akalala. Kesho yake, akiwa njiani tena, dosari humjia akilini yenyewe. Hayo ndiyo maisha ya mtunzi wa programu wa ridhaa. Hayana fahari yoyote, na ndiyo maana ni rahisi kuyadharau.

Hata hivyo, Waswahili husema: usione vyaelea, vimeundwa. Tuangalie basi baadhi ya vinavyoelea leo viliundwa na nani, na kwa nia gani.

Tarehe 25 Agosti 1991, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, Linus Torvalds, aliyekuwa na umri wa miaka 21, aliwatangazia wenzake kwamba alikuwa akitunga mfumo endeshi wa kompyuta. Alitahadharisha kuwa ilikuwa shughuli ya kujifurahisha tu, wala haingekuwa kubwa. Kazi hiyo ndiyo Linux, ambayo leo ndiyo kiini cha kila simu ya Android iliyomo mifukoni mwetu. Miaka miwili kabla yake, katika likizo ya Krismasi ya mwaka 1989, Mholanzi Guido van Rossum alitafuta shughuli ya kumpitishia siku za mapumziko, akaanza kubuni lugha ya programu iitwayo Python. Leo lugha hiyo hufundishwa katika vyuo vikuu duniani kote, na Kenya ni mojawapo. Naye Larry Wall wa Marekani, aliyetoa lugha ya Perl mwaka 1987, alikuwa amesomea isimu. Msomaji na atambue hapo kwamba mlango wa kompyuta haukuwekewa wanahisabati peke yao.

Wala kutembea si kupoteza wakati. Tarehe 16 Oktoba 1843, mwanahisabati William Rowan Hamilton alikuwa akitembea na mkewe kando ya mfereji kuelekea mjini Dublin. Tatizo lililokuwa limemsumbua kwa muda mrefu likafunguka ghafla, naye akaichora kanuni yake kwenye jiwe la daraja lililokuwa karibu. Kanuni hiyo ya mwendo wa miguu hutumika leo katika programu zinazogeuza picha za michezo ya kompyuta na zinazoelekeza vyombo vya angani. Tembea uone, walisema wahenga. Nasi twaweza kuongeza kuwa wakati mwingine hutembea mtu akaona yaliyomo kichwani mwake mwenyewe.

Turudi sasa nyumbani, tupande treni ya SGR ambayo tangu mwaka 2017 husafirisha abiria kati ya Nairobi na Mombasa. Tuseme tiketi imeandikwa 15:00. Abiria akimpigia mamaye simu kumwarifu, hatasema saa kumi na tano. Atasema saa tisa alasiri. Kijana mwenye uraibu wa programu akiyasikia hayo, kabla treni haijafika Emali atakuwa ameshajiuliza: je, naweza kuifunza simu yangu kuitaja saa kama mama anavyoitaja? Simu nyingi, hata zikiwekewa Kiswahili, bado huhesabu saa kwa mtindo wa kigeni.

Ataanza na hesabu nyepesi: toa sita. Saa 15 ukitoa 6 hubaki tisa, vyema. Lakini saa 5 za alfajiri ukitoa 6 unapata pungufu ya sifuri. Basi ataongeza kanuni: jibu likiwa sifuri au chini yake, ongeza 12, likizidi 12, toa 12. Sasa 5 imekuwa saa kumi na moja, na 22 imekuwa saa nne. Akifika Mtito Andei atadhani amemaliza. Hapo ndipo lugha itakapomshika shati. Saa kumi na moja ni ya alfajiri au ya jioni? Alasiri huanzia wapi na kuishia wapi? Na mzee wa Mombasa anaposema usiku wa Jumatatu, huenda akawa na maana ya ule usiku unaokucha Jumatatu, kwa kuwa kwa jadi ya Waswahili siku huanza jua linapotua, wala si katikati ya usiku. Safari haijafika Voi, na kijana aliyedhani anachezea simu amekwisha kuingia katika isimu, historia na utamaduni. Ni mwalimu gani angempa zoezi bora kuliko hilo?

Mfano wa pili unatoka katika sarufi. Watunzi wengi wa programu huunda ujumbe wao kwa Kiingereza, ambako nomino nyingi huingia katika wingi kwa kuongezewa herufi moja tu mwishoni. Kwetu mambo ni mengine. Kitabu kimoja kimefutwa, lakini vitabu vitatu vimefutwa; mtu mmoja ameingia, watu watatu wameingia; faili moja imepotea, faili tatu zimepotea. Aidha, tarakimu zenyewe hazina tabia moja: tunasema vitabu vitano, lakini vitabu sita, watu wanane, lakini watu tisa. Programu ya kuandika risiti kwa maneno ya Kiswahili sharti ijue ngeli ya kila nomino, na ijue ni nambari zipi hukubali kiambishi na zipi hukataa. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hukubali; sita, saba, tisa na kumi hukataa. Mwanafunzi anayeitunga programu hiyo kwa jioni mbili atakuwa ameelewa upatanisho wa kisarufi kwa undani ambao kukariri majedwali ya ngeli hakumpi mtu.

Na hapa ndipo lugha inapoingia hatarini. Mambo haya madogo hayatafanywa na mtu asiyeyaona. Mtunzi aliyeko ng'ambo, hata akiwa na moyo mwema kiasi gani, hasumbuliwi na saa ya mama yetu wala risiti ya duka letu. Atatuletea Kiswahili kilichokatwa kwa kipimo cha nguo ya mwingine, nasi tutazoea kusoma "vitabu 1 vimefutwa" hadi watoto wetu wadhani ndicho Kiswahili. Anayeweza kulizuia hilo ni yule kijana anayeandika mistari thelathini usiku kwa sababu tu kosa hilo limemkera.

Najua pingamizi litakalotolewa. Tutaambiwa kwamba mapenzi hayalipi karo. Kwamba mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome anataka cheti na ajira, si programu ya kutaja saa. Hoja hiyo ina uzito, wala siipuuzi. Michezo ya aina hii huhitaji kompyuta, umeme na wakati, na si kila mtoto wa Kenya anavyo. Anayechota maji na kuchunga mifugo baada ya masomo hana jioni ya kuchezea. Lakini nionavyo mimi, pingamizi hilo linatupa sababu ya kuitafuta nafasi hiyo ndani ya saa za shule, ambako kompyuta ipo, badala ya kuiacha iwe anasa ya watoto wa wenye nacho. Isitoshe, mwajiri wa fani hii humwuliza kijana ameunda nini. Mwenye cheti kitupu hukaa kimya.

Vilevile si kweli kwamba kazi ya mapenzi humfaidi mwenyewe peke yake. Mholanzi Bram Moolenaar aliitunga kwa ridhaa programu ya kuhariri maandishi iitwayo Vim, akaitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alikwenda Kibaale, kusini mwa Uganda, akafanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto, katika eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umewaacha wengi yatima. Aliporejea kwao hakuitoza programu yake bei. Aliwaomba waliopendezwa nayo wawachangie watoto wale. Kwa miaka mingi, watu wa mabara yote walioifungua Vim walikaribishwa na ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Moolenaar aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2023. Karo zilizotokana na uraibu wa mtu mmoja ziliwasomesha watoto wa jirani zetu.

Tufanye nini basi? Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha silabasi ya kufunza uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Hatua hiyo ni ya kupongezwa. Hofu yangu ni kwamba tutalifanyia somo hili tulivyoyafanyia mengine: tutaligeuza kuwa maswali ya kuchagua jibu, mwanafunzi akariri maana ya istilahi, apate alama ya juu, na asiwahi kuunda chochote.

Kwa walimu ninapendekeza mambo mawili. La kwanza, itengwe angalau saa moja kwa wiki isiyo na alama wala mtihani, ambapo kila mwanafunzi ataunda kitu kidogo alichokichagua mwenyewe, na kuwaeleza wenzake kilimshinda wapi. La pili, mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa kompyuta waketi meza moja. Saa, ngeli, majina ya ukoo, methali, vipimo vya sokoni: yote hayo ni malighafi ya programu, na hayapatikani katika kitabu cha kigeni.

Kwa wanafunzi nina neno moja. Msingoje kompyuta mpya wala wazo kubwa. Chukueni daftari dogo mtembeapo na msafiripo, mkaandike kila jambo linalokera na linaloweza kufanyiwa hesabu. Chagueni lililo dogo kuliko yote, mlimalize. Haba na haba hujaza kibaba, na programu moja ndogo iliyokamilika ina thamani kuliko kumi kubwa zilizoachwa njiani.

Na wewe mzazi, ukimkuta mwanao amekodolea macho mistari asiyoilipiwa na mtu, muulize kwanza anaunda nini, kisha ndipo uamue kama umzimie taa.