Kimya Si Majibu



Mwezi uliopita, baada ya kikao cha akina mama, dada mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sista, mimi nilipimwa shingo ya kizazi tangu kabla ya Pasaka. Waliniambia wakiona tatizo watanipigia simu. Hawajapiga. Bila shaka mimi ni mzima, siyo?"

Sikumjibu mara moja. Nilikumbuka yaliyonipata mimi mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilipimwa kipimo hicho hicho, kile cha kuchukua chembechembe kutoka shingo ya kizazi na kuzipeleka maabara. Nami niliambiwa, "Tukiona tatizo tutakupigia." Wiki zikapita, kisha miezi. Kila nilipokumbuka nilijituliza: wangeona kitu wangepiga. Ukweli ni kwamba niliogopa kuuliza, mimi muuguzi ambaye kila siku huwahimiza wenzangu waulize. Mwezi wa sita nilikwenda hospitali ile kumwona mgonjwa, nikajikaza nikaomba majibu yangu. Karani alifungua droo, akapekua bahasha nyingi, akanipa ya kwangu. Ilikuwa imelala humo karibu miezi mitano. Chembechembe zilikuwa zimebadilika. Haikuwa saratani, lakini ilitakiwa nitibiwe mapema. Namba yangu ya simu kwenye fomu ilikosewa tarakimu moja tu.

Nilitibiwa, na leo ni mzima. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Niliziwaza zile bahasha nyingine zilizobaki ndani ya droo. Kila moja ilikuwa na jina la mwanamke fulani, pengine anapika chakula cha jioni, akiamini kwamba kimya maana yake ni uzima.

Wazee walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini maradhi yakifichwa na droo, nani aumbuke?

Sitaki kuwalaumu wenzangu wa hospitali. Muuguzi mmoja huhudumia wagonjwa wengi, fomu hupotea, na watu hubadilisha namba za simu. Iko pia desturi ya zamani. Nilipokuwa chuoni, mgonjwa akikuuliza majibu ulimjibu, "Daktari atakuambia." Karatasi aliibeba mwenyewe kutoka maabara, lakini imekunjwa na kubanwa pini ili asiisome! Tuliogopa kwamba akijua atashtuka.

Je, ni kweli watu hawataki kujua? Nchini Marekani kanuni ya mwaka 2014 iliwapa wagonjwa haki ya kuchukua majibu yao moja kwa moja maabara. Tangu Aprili 2021, majibu mengi humfikia mgonjwa kwa simu au kompyuta mara tu yanapokamilika, hata kabla daktari hajayaona. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 uliwauliza zaidi ya wagonjwa 8,000 wa huko waliopata majibu kwa njia hiyo. Watu 96 katika kila 100 walitaka kuendelea kuyapata papo hapo. Hata wengi wa wale ambao majibu yao hayakuwa mazuri walisema hivyo. Kweli, wapo walioongezewa wasiwasi kwa kusoma bila mtu wa kuwaeleza, na hilo tusilipuuze. Mgonjwa anahitaji karatasi yake, na anahitaji pia mtu wa kumfafanulia.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, na inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikwa na wengine. Kwa hiyo, dada yangu, unapoomba majibu yako huombi fadhila. Omba kwa heshima, lakini omba.

Hebu tuangalie namna ya kufanya.

Kwanza, kabla hujaondoka kliniki au maabara, uliza maswali manne: Nimepimwa nini? Majibu yatakuwa tayari lini? Nani atanipa? Nisipoyapata nimwone nani? Andika tarehe. Mwombe karani akusomee namba ya simu aliyoiandika. Ni jambo dogo, lakini mimi lilinigharimu miezi mitano.

Pili, tarehe ikipita, nenda. Usingoje simu. Katika saratani ya shingo ya kizazi muda ni rafiki yetu tukiutumia. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kwa kawaida chembechembe zilizoharibika huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imedhoofika, kama anayeishi na VVU bila matibabu, huweza kuwa miaka 5 hadi 10. Muda wa kutibu upo. Lakini nani atamtibu mama ambaye hajui kwamba anahitaji kutibiwa?

Tatu, usitosheke na kuambiwa "majibu mazuri." Omba karatasi au nakala, uiweke nyumbani katika bahasha moja pamoja na kadi za kliniki za watoto. Chukua mfano wa kundi la damu. Mama mwenye kundi lenye alama ya hasi, kama O hasi, akizaa mtoto mwenye damu chanya, anapaswa kuchomwa sindano ya kinga iitwayo anti-D ndani ya saa 72. Mtoto wa kwanza kwa kawaida hadhuriki. Wanaomfuata ndio wanaoweza kuzaliwa na manjano kali na upungufu wa damu, au kupotea tumboni. Mama anayejua kundi lake ataikumbusha zamu nzima ya wauguzi. Asiyejua atanyamaza, na fomu yake ikipotea hakuna atakayemsemea. Vivyo hivyo wingi wa damu: mjamzito akiwa chini ya 11 ana upungufu, na chini ya 7 ni hatari. Ijue namba yako, na mwezi ujao ulize kama imepanda.

Nne, usijihukumu mwenyewe kwa karatasi. Namba iliyo nje ya kiwango si lazima iwe ugonjwa. Viwango hutofautiana baina ya maabara na maabara, na ujauzito nao hubadilisha mengi. Hata kipimo cha kujipima VVU nyumbani, kikionyesha maambukizi, si jibu la mwisho. Ni lazima upimwe tena kituoni. Kwa hiyo usikimbilie kwa jirani wala kwenye intaneti usiku wa manane. Chukua karatasi, rudi kwa muuguzi au daktari, umwambie: "Naomba unisomee, unieleze kwa Kiswahili."

Tano, majibu ni yako. Hayapaswi kutangazwa dirishani mbele ya foleni, wala kupewa wifi kwa sababu amepita njia hiyo. Kumweleza mumeo ni jambo jema, na katika nyumba yenye upendo ataubeba mzigo pamoja nawe. Lakini wewe uliyepimwa ndiwe wa kwanza kujua, na wewe ndiwe wa kumweleza.

Sasa nirudi kwa yule dada. Jumatatu iliyofuata nilimsindikiza hospitali. Tulitafuta kwenye daftari, tukatafuta kwenye bahasha, majibu yake hayakuonekana. Kwa miezi yote ile alikuwa akijiona mzima kwa ushahidi wa karatasi isiyokuwepo. Alilia kidogo, kisha akakubali kupimwa upya. Safari hii alimwuliza karani yale maswali manne mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi. Tarehe ya kuchukua majibu ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya jikoni, na mumewe ameahidi kwenda naye.

Nawe dada yangu, je, kuna kipimo ulichopimwa na majibu yake hujawahi kuyaona? Wiki hii isipite. Kayaulize.

Hadi mwezi ujao, nawatakia afya njema ninyi na nyumba zenu.