Sanduku si kosa: nyumba ya Minecraft na somo la Lamu

DIRISHA LA WIKI
Na Zuhura Mbwana

Mtoto anayeanza kucheza Minecraft, mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa bloku, hujenga sanduku. Huinua kuta nne, akaweka mlango katikati, akafunika juu kwa paa bapa, akachomeka mienge ukutani, akalala. Hana kosa, kwani usiku wa kwanza mazimwi huja na sanduku humwokoa. Shida huanza akishapata chuma na almasi, akaitazama nyumba yake na kuiona haina sura. Hapo huenda YouTube kutafuta mafunzo, na mengi humwambia jambo lile lile: achana na paa bapa, ezeka paa lenye mgongo mkali, simamisha nguzo za mwaloni, weka bomba la moshi. Anarudi na nyumba ya kijiji cha Ulaya, iliyobuniwa kumwaga theluji na kutunza joto la moto.

Sina ugomvi na nyumba hiyo, kwao inafaa. Ninalolikataa ni fundisho kwamba paa bapa ndilo kosa. Katika miji ya pwani ya Kilwa, Gedi na Lamu watu walijenga nyumba za mawe zenye paa bapa karne na karne, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Uzuri wa nyumba zile umo katika mpangilio na katika kina cha kuta zake. Mambo hayo mawili yanaingia Minecraft bila taabu, kwa kuwa bloku moja ya mchezo ni mita moja kila upande.

Tuanze mlangoni. Katika sanduku la mtoto, mlango umelingana na ukuta, kwa hiyo uso wa nyumba hauna kivuli. Nyumba ya Lamu ina daka, yaani kibaraza kilichoingia ndani ya ukuta mbele ya mlango. Rudisha mlango nyuma bloku mbili, weka bloku za ngazi kushoto na kulia ziwe baraza za kukalia, na papo hapo nyumba ina uso. Mpita njia ana pa kupumzika, mgeni ana pa kungojea, na bado hujaongeza pambo lolote.

Ukishaingia, usiione nyumba yote kwa mara moja. Njia ipite tekani, yaani kibaraza cha ndani ya mlango, ipinde kona, ndipo itokee kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu. Kutoka kiwandani panda kwenye msana wa kwanza, kisha wa pili, vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa sambamba, hadi ufike ndani kabisa, kwenye faragha ya wenye nyumba. Katika nyumba za Lamu, sakafu hupanda kidogo kila unapozidi kuingia. Katika mchezo, bamba la nusu bloku linatosha kuleta hisia hiyo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sanduku la mtoto huchosha kwa sababu ukifungua mlango umekwisha kuiona nyumba nzima.

Upana wa chumba nao una somo. Dari za Lamu zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti uliwabana mafundi wasizidishe upana wa chumba sana kupita mita tatu. Minecraft haina kizuizi hicho. Unaweza kutandaza dari ya bloku ishirini bila nguzo hata moja na isianguke. Ndiyo maana kumbi nyingi za wachezaji ni kubwa na tupu, zinasubiri samani zisizotosha. Jiwekee sharti la boriti: chumba kisizidi bloku tatu au nne kwa upana, kirefushe utakavyo, na dari iwe bloku nne juu. Mchezaji mwenyewe hafiki urefu wa bloku mbili. Chumba kitamkaa.

Kisha jenga ukuta mmoja wa ndani kwa unene wa bloku mbili, na utoe bloku za mbele kwa mpangilio ili upate zidaka, yaani vishubaka vya ukutani. Humo weka taa, vyungu na vitabu. Ukuta uliochimbwa hivyo hauhitaji kubandikwa kitu.

Anayejua mchezo atauliza: ua ulio wazi si utaingiza buibui usiku? Utaingiza, kwa maana buibui wa Minecraft hupanda kuta. Lakini hawawezi kuvuka ukingo uliochomoza nje. Zungushia kichwa cha ukuta ukingo wa bloku moja, utazuia buibui na kutupa kivuli usoni mwa nyumba kwa mkupuo mmoja. Kuhusu mazimwi wanaozaliwa gizani, tangu toleo la 1.18 la mwaka 2021 wengi wao huhitaji mahali pasipo na mwanga wowote wa taa. Mwenge mmoja una mwanga wa 14, unaopungua kwa moja kila bloku. Kwa hiyo taa chache ndani ya zidaka na pembeni mwa ua zinatosha. Mienge kila kona haina kazi.

Hata vifaa vipo. Toleo la mwaka 2022 lilileta mikoko, tope, na matofali ya tope yanayotengenezwa kwa kuchanganya tope na ngano, karibu na udongo uliokandwa kwa majani unaotumika katika nyumba nyingi za kwetu. Bloku nyeupe kwa kuta, mikoko kwa dari na milango, tope kwa ua: vitatu hivyo vinatosha.

Naandika haya kwa uzito kwa sababu mchezo huu umeshatoka kwenye skrini. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao makuu Nairobi, lilianza mwaka 2012 kushirikiana na Mojang, kampuni ya Sweden iliyotengeneza Minecraft, katika mpango wa Block by Block, na mtaa wa Kibera, Nairobi, ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Wakazi ambao hawajawahi kusoma mchoro wa msanifu huketi kwenye kompyuta na kujenga uwanja wanaoutaka, kila mtu akaona na kubishana juu ya kitu kimoja. Watoto wetu wanayo zana hiyo hiyo sebuleni.

Basi, mzazi na mwalimu, mtoto akikuonyesha nyumba yake usiishie kumwambia ni nzuri. Muulize mgeni atakaa wapi, mwanga unaingilia wapi, na aliye barabarani anaona nini. Kisha mwache abomoe ajenge tena, maana hapo kubomoa hakumgharimu saruji wala ujira wa fundi. Aliyezoea maswali hayo utotoni hatakubali ukubwani kuuziwa ramani iliyonakiliwa, ya nyumba isiyo na kivuli, hewa wala faragha.